Kuwafundisha Wajukuu Kushona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya bibi, babu na mlezi yeyote anayetaka kumrithisha mtoto mdogo ufundi wa sindano na uzi akiwa nyumbani. Msimamo unaoyaongoza ni kwamba mtoto aanze kwa mkono kabla ya kugusa cherehani, na kwamba kila anachokishona, hata kikiwa kidogo namna gani, kiwe ni kitu ambacho mtu wa nyumba hiyo atakitumia kweli.

Mjukuu anaweza kuanza kushona akiwa na umri gani?

Wengi husema udongo uwahi ungali maji, na kwa sababu hiyo humkabidhi sindano mtoto wa miaka mitatu ambaye hata vifungo vya shati lake bado anafungiwa na mama yake. Kwa maoni yangu, hesabu ya miaka peke yake si kipimo cha kutosha. Vitazame vidole vya mtoto. Anayefunga na kufungua vifungo vyake mwenyewe, anayeweza kumenya yai la kuchemsha bila kulivuruga, na anayeweza kutulia mahali pamoja kwa robo saa hivi, huyo yuko tayari kwa sindano butu. Watoto wengi hufikia hali hiyo wakiwa na umri wa miaka mitano au sita.

Kabla ya hapo hakosi la kufanya. Mtoto wa miaka minne anaweza kutunga shanga kubwa, au kupitisha kamba ya kiatu katika matundu uliyoyatoboa kwenye kipande cha boksi, juu na chini, juu na chini, mpaka azunguke ukingo wote. Mwendo huo ndio ule ule atakaoufanya baadaye kwa sindano. Sindano kali ingoje mpaka miaka saba au minane, na hata hapo itolewe akiwa ameketi pamoja na mtu mzima.

Je, wajukuu wa kiume nao wafundishwe?

Naam, tena bila kusubiri waombe. Mafundi cherehani wengi wanaoketi barazani katika miji yetu, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ni wanaume, na matanga ya majahazi ya mwambao yameshonwa kwa mkono na wanaume tangu zamani. Kijana anayekwenda shule ya bweni bila kujua kurudisha kifungo kilichong'oka huishia kuvaa shati lililoachama muhula mzima.

Ni vifaa gani vinahitajika, na gharama yake ni kiasi gani?

Gharama ni ndogo sana ukianza na vilivyomo ndani. Unahitaji sindano, uzi, mkasi, pini chache zenye vichwa vya rangi, utepe wa kupimia, kipande cha chaki ya fundi na kopo lenye mfuniko la kuhifadhia vyote hivyo. Kastabini, yaani kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kwenye ncha ya kidole ili kusukuma sindano, si lazima mwanzoni kwa kuwa huwa kikubwa kwa vidole vya watoto na hudondoka kila mara.

Sindano ndiyo ya kuchagua kwa uangalifu. Kwa mtoto anayeanza, tafuta sindano nene ya plastiki au ya chuma yenye tundu kubwa na ncha isiyochoma. Ikikosekana, chukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, uisugue ncha yake kwenye jiwe la kunolea mpaka makali yaishe. Anapohamia kwenye sindano za kawaida, kumbuka kwamba kwa sindano za mkono namba ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba zaidi, ilhali kwa sindano za cherehani mambo ni kinyume, namba kubwa ndiyo sindano nene. Wanunuzi wengi hurudi nyumbani na sindano wasizozihitaji kwa kutolijua hilo.

Kuhusu mkasi, ile mikasi ya watoto ya kukatia karatasi haifai, kwani hutafuna kitambaa badala ya kukikata, na mtoto hudhani kosa ni lake. Mpe mkasi mdogo halisi, wenye ncha za mviringo, ukatao vizuri, na umweleze kwamba mkasi huo ni wa nguo peke yake. Ukikata karatasi au plastiki, makali yake huisha upesi.

Vitambaa visinunuliwe. Kila fundi wa mtaani ana mfuko wa mabaki chini ya meza yake, na ukimwomba kwa heshima akuwekee vipande vya pamba vya ukubwa wa kiganja na kuendelea, mara nyingi atakupa bure au kwa pesa kidogo.

Kitambaa gani ni rahisi kwa mtoto kuanzia?

Anza na gunia la katani au la juti. Nyuzi zake zimeachana, kwa hiyo mtoto huona waziwazi mahali sindano itakapopenya na anaweza kuhesabu nyuzi, akiruka mbili na kuchukua mbili, bila kuchorewa mstari. Lifue kwanza kwa sabuni na ulianike juani. Gunia lililowahi kubeba mbegu zilizotiwa dawa au mbolea lisitumike kabisa, hata likifuliwa mara ngapi.

Baada ya gunia hufuata marekani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu karne ya 19, kilipokuwa kikiletwa Zanzibar kwa merikebu kutoka Marekani. Kina uzito wa kutosha kisiteleze, na uzi wa rangi huonekana vyema juu yake. Khanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa ni nzuri pia. Kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu ugumu wake wa dukani huzuia sindano, na pamba huweza kuruka, maana yake kupungua urefu, inapokutana na maji kwa mara ya kwanza.

Satini, shifoni na vitambaa vya kuvutika kama vile vya fulana viepukwe mpaka mtoto awe amezoea. Vinateleza, vinajikunja, na vinamkatisha tamaa hata mtu mzima.

Mtoto hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Nimtungie?

Mara mbili tatu za kwanza mtungie, kisha mfundishe, kwa sababu mtoto anayesubiri kutungiwa uzi kila unapokwisha atakuwa anashona kwa hisani yako siku zote. Kosa la kawaida ni kushika uzi mbali na ncha yake na kuusukuma kuelekea kwenye tundu, nao ukalegea na kupinda. Kata uzi kwa mshazari ukitumia mkasi mkali, lowesha ncha kidogo, kisha mwambie aubane katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ibaki ncha ndogo sana inayochungulia baina ya vidole, kiasi cha punje ya mtama. Sasa uzi utulie, na sindano ndiyo iletwe ivishwe juu ya ncha hiyo. Ukigeuza hivyo, ukaiacha sindano imfuate uzi badala ya uzi kuifuata sindano, watoto wengi hufaulu siku hiyo hiyo. Kuweka kitambaa cheusi nyuma ya uzi mweupe, au cheupe nyuma ya uzi wa rangi, husaidia tundu lionekane.

Urefu wa uzi nao una kanuni yake. Watoto hupenda uzi mrefu ili wasitunge tena na tena, lakini uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, na mkono mdogo hauwezi kuuvuta wote kwa mara moja. Tumia vipimo vya wazee: mkono mmoja, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, pamoja na shubiri moja ya ziada, yaani kiganja kilichotanuliwa kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na mkono wenyewe uwe wa mtoto, si wako. Kwa njia hiyo atajifunza pia kwamba mikono miwili ni wari na mikono minne ni pima, maarifa ambayo shuleni hayafundishwi sana siku hizi na ambayo yatamfaa asipokuwa na utepe.

Fundo la mwisho wa uzi lifanywe kwa kuuzungusha uzi kwenye ncha ya kidole cha shahada iliyoloweshwa, kuuviringisha kwa kidole gumba mpaka utoke kidoleni, kisha kuuvuta chini. Kabla hajaliweza hilo, fundo la kawaida lililofungwa mara mbili linatosha.

Mishono ipi ifundishwe kwanza, na kwa utaratibu gani?

Nashauri mishono minne tu kwa mwaka wa kwanza. Mshono wa kwanza ni bandi, ambao sindano huingia na kutoka kwa hatua zilizo sawa. Wa pili ni mshono wa kurudi nyuma, ambao sindano hupiga hatua moja mbele chini ya kitambaa na kurudi nusu ya hatua juu yake; huo ni imara na ndio unaofaa kuunganishia vipande. Wa tatu ni wa kupinda, na wa nne ni kushika vifungo. Mapambo ya kudarizi yatafuata mtoto mwenyewe akiyatamani, na kwa kawaida atayatamani upesi, hasa akiona maua kwenye foronya za nyumba.

Bandi isidharauliwe kwa kuwa ni nyepesi. Chora mstari kwa chaki, kisha uweke nukta juu ya mstari huo kila baada ya sentimita moja. Sindano iingie kwenye nukta na kutokea kwenye nukta inayofuata. Akizoea, punguza umbali uwe nusu sentimita, halafu uache nukta ubakize mstari, halafu uache hata mstari. Mtoto aliyepitishwa katika hatua hizo hujenga jicho la kupima kwa kukadiria, na jicho hilo ndilo linalowatofautisha mafundi.

Kifungo kinastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa watu wazima wengi hukishona vibaya. Kikibanwa sana juu ya kitambaa, hakiingii kwenye tundu lake, na kikiingizwa kwa nguvu huvuta kitambaa mpaka kinachanika. Chukua njiti ya kiberiti, uiweke juu ya kifungo katikati ya matundu, na uzi upite juu ya njiti kila unapovuka kutoka tundu moja kwenda jingine. Baada ya kupita mara nne au tano, iondoe njiti, kiinue kifungo juu, uzi uliolegea ubaki chini yake, kisha uzungushe uzi kwenye shingo hiyo mara tatu na kufunga fundo upande wa ndani. Watoto hufurahia sana pale njiti inapotolewa na kifungo kikasimama chenyewe.

Kazi ya kwanza ya kweli iwe ipi?

Jibu langu ni kupinda khanga. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, nazo hukatwa katikati na kupindwa kabla ya kuvaliwa, kwa hiyo katika nyumba nyingi za pwani kazi hii ipo kila mara na haihitaji kubuniwa. Mwonyeshe mtoto kwamba pande mbili ndefu za khanga zina ukingo uliofumwa kiwandani usiochomoka nyuzi, na kwamba pande fupi, zile zilizokatwa, ndizo zitakazofumuka zikiachwa. Ni hizo za kupindwa, na kila moja ina urefu wa mita moja na kidogo, kazi ambayo mtoto wa miaka minane anaweza kuigawa katika siku kadhaa.

Kunja ukingo nusu sentimita, uupige pasi au uusugue kwa ukucha mpaka ulale, kisha uukunje tena sentimita moja ili ncha iliyokatwa ifichike ndani. Bana kwa pini kila baada ya shubiri moja. Sindano ichukue nyuzi mbili tatu tu za upande wa mbele na kuingia kwenye ukingo wa mkunjo, kwa mshazari, hatua baada ya hatua. Mtoto atataka kuvuta uzi kwa nguvu ili ukaze, na kitambaa kitakunjamana; mwambie auvute mpaka uguse kitambaa, basi. Akimaliza upande mmoja, mpe mama yake au shangazi yake aivae khanga hiyo hiyo. Mtoto akimwona mtu aliyemzidi umri anatoka nje na kazi yake kiunoni, hutamuuliza tena kama atashona kesho.

Pale ambapo khanga hazivaliwi sana, mfuko mdogo wa kuwekea penseli, kitambaa cha kushikia sufuria ya moto au foronya ya mto mdogo vinafaa vilevile. Nguo za mwanasesere, ambazo wengi huzipendekeza, mimi huziweka baadaye, kwa kuwa mikono ya nguo hizo ni midogo na mshono wake unahitaji ustadi kuliko wa nguo ya mtu.

Mshono wake umekwenda upogo. Nimfumulie na kumrekebishia?

Hapana. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika majibu haya. Bibi wengi, kwa upendo kabisa, husubiri mtoto alale, wakaufumua mshono wake na kuushona upya ili upendeze. Asubuhi mtoto huutambua. Watoto huzijua kazi za mikono yao, na hujua pia kwamba mshono ulionyooka hivyo si wake, na anachojifunza hapo ni kwamba alichokifanya hakikufaa kubaki.

Badala yake, tazameni pamoja mshono huo mkiwa mmekaa kwenye mwanga, umuulize utashika au hautashika. Vuteni kitambaa pande zote mbili. Kama unashika, uacheni jinsi ulivyo, hata kama umepinda. Kama umeachia mahali na shughuli yenyewe inadai uimara, kwa mfano mfuko utakaobeba daftari, basi mtoto mwenyewe aufumue mahali hapo tu, kwa kukata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne na kuuchomoa taratibu, kisha aurudie. Kufumua ni sehemu ya ufundi, na kila fundi hufumua, lakini mwenye haki ya kufumua ni aliyeshona.

Na ukimsifu, sifu jambo linaloonekana. "Hatua zako za hapa mwisho zimelingana" ni sifa inayomwelekeza afanye nini kesho, kuliko kumwambia tu kwamba ni hodari.

Mjukuu wangu hutumia mkono wa kushoto. Nimzoeze wa kulia?

Aachwe ashone kwa mkono aliozaliwa nao. Adabu ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia ina mahali pake na anaweza kuifuata bila shida, lakini sindano haihusiki na adabu hiyo, na kumlazimisha kutafanya mishono yake iwe mibovu na yeye achukie kazi. Tofauti ni moja tu katika kufundisha: mtoto wa mkono wa kulia huketi ubavuni pako, akatazama kazi kutoka upande ule ule unaoitazama wewe, ilhali wa mkono wa kushoto aketi mkabala nawe, mkitazamana, aige anachokiona kama kwenye kioo. Atashona akielekea kulia pale wewe unapoelekea kushoto. Mkasi ndio huleta taabu ya kweli, kwa kuwa mikasi ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia na mashikio yake huumiza. Ikiwezekana mnunulie ule uliotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, au umkatie vitambaa wewe mpaka uupate.

Nizingatie nini kuhusu usalama?

Sindano zihesabiwe. Kabla ya kuanza, mtoto ataje kwa sauti ziko ngapi, na kabla ya kuinuka azihesabu tena zikiwa zimechomekwa kwenye kimto chake. Hesabu isipotimia, hakuna anayeondoka mkekani mpaka ipatikane. Smaku iliyotolewa kwenye spika mbovu hutosha kuitafuta, ikipitishwa juu ya mkeka na kwenye mapindo ya nguo.

Sindano isiwekwe mdomoni hata kwa dakika moja, na sheria hiyo iwahusu pia watu wazima wenye mazoea ya kushikilia pini kwa midomo wanapopima nguo, kwa kuwa mtoto huiga anachokiona. Ikitokea sindano au pini imemezwa, usimtapishe mtoto na usimlishe matonge ya ugali kwa matumaini ya kuisukuma. Mpeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo sindano ikikatikia ndani ya kidole, usiichokonoe. Kuchomwa kidogo kwa kawaida ni kuosha kidole kwa maji na sabuni, kukibonyeza kwa kitambaa safi na kuendelea, ingawa ni vizuri kuhakikisha kwenye kadi ya kliniki kwamba chanjo zake, ikiwemo ya pepopunda, zimekamilika.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa inahitaji tahadhari ya pekee. Hapo ushonaji ufanyike juu ya meza, na kopo lifungwe na kuwekwa juu ya kabati.

Ni lini anaweza kutumia cherehani?

Miaka tisa au kumi ni umri wa kadiri, kwa sharti kwamba ameshashona kwa mkono vya kutosha kujua mshono mzuri unafananaje. Cherehani hufanya haraka, na asiyeujua mshono hufanya makosa kwa haraka hiyo hiyo.

Cherehani bora ya kujifunzia ni ile ya kuzungusha kwa mkono, zile nyeusi za chuma za Singer ambazo bado zimo katika nyumba nyingi, au za Butterfly kutoka China. Mtoto akiacha kuzungusha, sindano inasimama. Ugumu wake ni kwamba mkono mmoja unazungusha na mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa, kwa hiyo mwanzoni fanyeni wawili: wewe zungusha, yeye aongoze kwa mikono miwili, kisha mbadilishane. Cherehani ya miguu inahitaji miguu inayofika kwenye kanyagio bila mtoto kuning'inia ukingoni mwa kiti, na inahitaji mazoea ya kutoirudisha nyuma inapoanza. Ya umeme iwe ya mwisho, na plagi ichomolewe kila mnapobadilisha sindano au kutunga uzi.

Somo la kwanza lifanyike bila uzi wowote. Weka sindano ya zamani, kwa kuwa karatasi huzifanya sindano kuwa butu, umpe karatasi ya daftari yenye mistari, na umwambie afuate mstari, akiacha safu ya matundu. Karatasi haidanganyi: mstari ukipinda, matundu yanaonyesha palepale alipogeuza macho. Kisha mchoree kona, ajifunze kusimama sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, kuinua kile kiguu kinachokandamiza, kugeuza kazi, na kukishusha tena. Kona tatu zikikaa sawa, tia uzi. Vidole vyake vibaki umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye sindano; unaweza kuuchora mpaka huo kwa chaki kwenye bamba la cherehani.

Nina wajukuu watatu wa umri tofauti. Nitawafundishaje pamoja?

Wape nguo moja, kazi mbalimbali. Wa miaka mitano achague na kupanga vifungo kwa ukubwa na rangi, wa miaka minane apinde, wa miaka kumi na mmoja apime na kukata. Usiwashindanishe, na usimfanye mkubwa kuwa mwalimu wa mdogo kila siku, maana naye anahitaji kushona cha kwake.

Macho yangu hayaoni vizuri karibu na mikono imeanza kutetemeka. Bado ninaweza kufundisha?

Bila shaka. Macho ya karibu hupungua nguvu kwa karibu kila mtu baada ya miaka arobaini, na miwani ya kusomea husaidia wengi. Keti mlangoni au barazani asubuhi, mwanga ukitokea upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Fundisha kwa sindano nene na uzi mzito wa rangi juu ya gunia, ambavyo hata wewe utaviona bila taabu. Mjukuu akutungie sindano zako za wiki nzima na kuzichomeka kwenye kimto zikiwa na nyuzi zake. Ni msaada wa kweli kwako na mazoezi mazuri kwake. Ujuzi wa kupima, kuchagua kitambaa na kutambua mshono utakaoachia unakaa kichwani na kwenye ncha za vidole, na hauondoki na macho.

Wajukuu wangu wanaishi mbali na huja wakati wa likizo tu. Inatosha?

Inatosha ikiwa kila likizo itabeba kazi moja inayokamilika kabla ya safari. Khanga moja, mfuko mmoja, au foronya moja ni kipimo kizuri. Shati lisiloisha litakaa kabatini mpaka litakuwa dogo. Kwa walio Muscat, London au Toronto, mazungumzo ya video husaidia, lakini simu isielekezwe usoni. Iegemeze juu ya kitu kirefu ili itazame mikono kutoka juu, na uwaombe nao wafanye hivyo upande wao. Anayesafiri na vifaa aweke mikasi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

Ninatamani ashone kofia za mkono kama walivyokuwa wakishona wazee wetu. Aanze lini?

Kofia za Zanzibar na Lamu ni miongoni mwa kazi bora za sindano katika mwambao wote, na kwa hiyo si za kuanzia. Kofia huwa na vipande viwili, duara la juu na ukuta wa kuzunguka kichwa, na kila kimoja hujazwa nakshi kabla ya kuunganishwa. Matundu madogo yanayopitisha hewa huzungushiwa uzi mmoja baada ya mwingine, na kofia moja huchukua wiki nyingi. Mtoto aliyeshika bandi na mshono wa kurudi nyuma anaweza, akifikia miaka kumi na moja au kumi na miwili, kupewa kipande chenye ukubwa wa kiganja kilichochorwa ua moja, akajaribu matundu sita tu. Mpeleke pia akamtazame mshonaji aliye hai, kwa sababu mkono wa kofia hauelezeki vizuri kwa maandishi.

Kuna cherehani kuukuu ya mkono iliyokaa stoo miaka mingi. Inaweza kumfaa?

Mara nyingi inafaa, kwa kuwa mashine hizo za chuma hukwama kwa vumbi na mafuta yaliyoganda kuliko kwa kuharibika. Usiizungushe kwa nguvu. Ifute, ondoa nyuzi na manyoya yaliyojazana chini ya bamba la sindano na kwenye nyumba ya bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, kisha tia matone machache ya mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta na mahali chuma kinaposuguana na chuma. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwani hugeuka kuwa gundi. Iache ikae usiku kucha, halafu uizungushe polepole. Weka sindano mpya, ukihakikisha upande wake uliobapa umeelekea inavyotakiwa na mashine hiyo, kwa sababu sindano iliyogeuzwa huruka mishono na watu wengi huilaumu cherehani bure. Ikiwa gurudumu bado ni zito, mwite fundi wa vyerehani, na mjukuu awepo anapoifungua. Baada ya matengenezo, shoneni kwanza kwenye matambara mpaka madoa ya mafuta yaishe, ndipo kitambaa cha mtoto kiwekwe chini ya sindano.